Begi la Mgeni

Kuna swali ambalo watu wa kompyuta hulikwepa kwa kulifanya la kiufundi, na watu wa falsafa hulikwepa kwa kulifanya la kale mno. Ni hili: ukiwa na uwezo wa kuona vitu vya mtu, na hakuna atakayejua kwamba umeviona, una deni gani kwa huyo mtu? Siulizi kuhusu serikali wala kampuni kubwa za Marekani. Hizo zina watetezi na washtaki wa kutosha. Nauliza kuhusu mimi, na pengine wewe, ikiwa wewe ndiye yule mtu wa kompyuta katika familia yenu. Yule anayepigiwa simu Jumapili printa ikikataa. Yule anayejua paswadi ya Wi-Fi, paswadi ya barua pepe ya shangazi, na mwaka aliozaliwa kila mtu, kwa sababu miaka hiyo ndiyo paswadi zenyewe.

Kwangu swali hili lina umbo. Ni kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kitabu kinene, kimekaa juu ya kabati la vyombo katika nyumba ya vyumba viwili huku Umoja. Ni Lenovo ThinkCentre ile ndogo, mtumba, iliyomaliza maisha yake ya kwanza katika ofisi fulani Uingereza kabla ya kuletwa kwa duka moja karibu na Moi Avenue, nilikoinunua kwa shilingi 17,500. Ndani ina prosesa ya i5-6500T yenye viini vinne. Nikaiongezea RAM ikafika gigabaiti 32, nikaweka diski ya terabaiti moja. Ikiwa imetulia inakula wati 12 hivi, yaani chini ya uniti tisa za stima kwa mwezi. Kelele yake ni ndogo kuliko ya friji. Mgeni akija nyumbani hudhani ni king'amuzi.

Ukitaka kuelewa kinachofanyika humo, fikiria ploti. Mwenye ploti ana jengo moja, tangi moja la maji, stima inayoingia kwa waya mmoja. Lakini amelikata jengo kuwa bedsita kumi na mbili, kila moja na mlango wake na mita yake, na mpangaji wa bedsita ya saba anaishi kana kwamba dunia nzima ni bedsita ya saba. Hivyo ndivyo kompyuta moja inavyokatwa kuwa kompyuta kadhaa. Kila moja inaamini ina prosesa yake, diski yake, kadi yake ya mtandao, na zote hizo ni za kuigiza. Tunaziita mashine pepe. Ile halisi iliyo chini, inayogawa, inaitwa mwenyeji, na zile zilizo juu yake zinaitwa wageni. Maneno haya sikuyatunga mimi. Ndivyo wahandisi wanavyosema kwa Kiingereza chao, na nadhani hawakujua wanaingia katika deni gani, kwa sababu kwetu neno mgeni lina masharti. Mgeni akilala kwenu, begi lake linaweza kukaa sebuleni wiki nzima, zipu nusu wazi, na hakuna atakayetia mkono. Kufuli haipo. Kilichopo ni aibu.

Wazo lenyewe lina umri wa wazazi wetu. Wahandisi wa IBM kule Cambridge, Massachusetts, walikuwa wakiikata kompyuta moja kubwa kuwa nyingi za kuigiza tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 kampuni ikautangaza mfumo huo kwa jina VM/370. Kisha mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakaandika makala wakieleza ni lini kitu kinastahili kuitwa usimamizi wa mashine pepe. Masharti yao ni matatu. Programu iliyo ndani ifanye kazi vilevile kama ingekuwa kwenye mashine halisi. Isipunguzwe kasi sana. Na la tatu, ambalo ndilo linalonihusu hapa: msimamizi aliye chini awe na mamlaka kamili juu ya rasilimali zote.

Soma hilo tena. Uwezo wangu wa kuingia kwa wageni wangu hautokani na tundu ambalo mtu alisahau kuziba, wala dosari ya kusubiri sasisho. Uko kwenye maana yenyewe ya kitu. Bila mamlaka kamili hakuna mashine pepe, kuna kitu kingine. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Nina seva nyumbani lakini siwezi kuona vitu vyako," ama haijui seva yake ama anakudanganya kwa upole.

Kuisimamisha hakukuwa na hadithi ndefu. Niliweka Proxmox, mfumo wa bure unaotengenezwa Vienna, Austria, ambao kazi yake kubwa ni kukupa ukurasa mzuri wa kusimamia KVM, ile sehemu iliyoingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2007. Siku ya kwanza mashine iligoma kuwasha mgeni hata mmoja. Ukikutana na hilo usianze kulia: prosesa nyingi za mtumba huja na uwezo wa mashine pepe umezimwa kwenye BIOS. Washa upya, bonyeza F1, tafuta sehemu ya Intel Virtualization, iwashe, toka. Dakika tatu. Nimeona watu wakirudisha mashine dukani kwa sababu ya kisanduku hicho kimoja kisicho na tiki.

Wageni wakaanza kuja. Proxmox huwapa namba kuanzia 100. 100 ni ya kuzuia matangazo kwa Wi-Fi ya nyumba. 101 ni ya Mama: picha zake zote, na daftari la chama chake, kwa sababu ndiye mweka hazina na simu yake ya awali ilizama kwenye karai la nguo pamoja na hesabu za miezi minane. 102 ni ya dada yangu mdogo, aliye chuo mwaka wa pili. 103 ni yangu ya majaribio. 104 ilikuwa ya binamu yangu, anayeandika hadithi.

Hii 104 haikuwa mashine pepe kamili, ilikuwa kontena, na tofauti hiyo ina uzito wa kimaadili ambao vitabu vya mafunzo haviutaji. Kontena linatumia kiini kilekile cha mwenyeji, limetengwa tu. Mimi nikiwa kwenye mashine ya chini naandika maneno mawili na namba 104, na niko ndani, nikiwa na mamlaka yote, bila kuulizwa paswadi. Hilo ni pazia. Mashine pepe kamili ni ukuta. Ili kuingia lazima nizunguke, nichukue diski yake, niiambatanishe kwingine, niisome. Dakika tano badala ya sekunde mbili. Unaweza kusema dakika tano si kitu. Mimi nasema dakika tano ni muda wa kutosha wa mtu kujiuliza anafanya nini. Pazia halikupi muda huo.

*

Watu hudhani suala la faragha huja mtu akiwa na nia mbaya. Mara nyingi huja mtu akiwa anarekebisha kitu.

Jumamosi moja usiku 102 iliganda. Dada akanipigia, ana kazi ya kuwasilisha Jumatatu. Kwenye ukurasa wa Proxmox alama ya njano, na hali yake imeandikwa kwamba imesimamishwa kwa hitilafu ya kusoma na kuandika. Chanzo kilikuwa nafasi. Diski yangu ni terabaiti moja, lakini wageni kwa jumla wameahidiwa terabaiti moja na nusu. Usishtuke, ndivyo inavyofanywa, na ni kama chama: kila mwanachama anajua anaweza kukopa 50,000, kwenye akaunti kuna 120,000, na mambo ni sawa mradi wote wasikope siku moja. Sasa chungu kilikuwa kimejaa asilimia 100. Nikaifuta 103, ile yangu ya majaribio, nikapata pa kupumulia. 102 ikaamka.

Lakini swali likabaki: nani amekula nafasi? Hapa ndipo nilipoona kwamba kutazama kuna ngazi. Ngazi ya kwanza ni namba. Amri moja inaniambia 101 imetumia kiasi hiki, 102 kiasi kile. Hiyo ni kama kusoma mita ya maji ya mpangaji. Unajua ametumia maji, hujui kama alioga au alifua. Ngazi ya pili ni majina: folda zinaitwaje, faili ipi ni kubwa, imeguswa lini. Wengi huidharau ngazi hii. Lakini jina la faili laweza kusema kila kitu. Folda inayoitwa "kliniki", hati inayoitwa "barua kwa baba", picha ya skrini ya tarehe fulani saa tisa usiku, huhitaji kufungua. Ngazi ya tatu ndiyo ya kufungua.

Fundi mzuri, nadhani, anasimama kwenye ngazi ya chini kabisa inayotosha kutatua tatizo, halafu ikibidi apande, anamwita mwenye nyumba apande naye. Namba zilinionyesha 102 imebeba gigabaiti 410. Nikampigia. Akasema haiwezekani, amefuta vitu vingi sana wiki iliyopita, amebaki na 90 hivi.

Wote wawili, yeye na mashine, walikuwa wanasema kweli. Mgeni akifuta faili ndani ya mashine pepe, mwenyeji hajui. Nafasi inabaki imeshikwa hadi mgeni aseme waziwazi kwamba ameiachilia, na kisanduku cha kuruhusu hilo huja bila tiki. Nikakitia tiki, nikaizima na kuiwasha mashine yake, kisha nikamsomea amri kwa simu, fstrim, herufi kwa herufi, akaiandika mwenyewe. Chungu kikashuka. Lakini hakikushuka hadi 90. Kilikwama kwenye 280 na kitu.

Kilichobaki kilikuwa kwenye snapshoti. Mwezi uliotangulia, kabla ya yeye kusasisha mfumo wake, alikuwa ameniomba niipige mashine yake snapshoti, ili mambo yakiharibika arudi nyuma. Snapshoti ni picha ya mashine nzima kwa dakika ile. Chochote kilichokuwapo dakika ile hakifutiki mradi picha ipo. Anafuta leo, na jana inashikilia.

Nikamwambia. Kimya kidogo.

"Kwani bado ziko?"

"Ziko. Kwa snapshoti. Na kwa bekapu za kila Jumapili, ziko nne."

"Si nilifuta?"

"Ulifuta kwako."

Kimya tena. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokuwa na pesa zake, "Na wewe unaweza kuziona?"

Tangu siku ya kwanza alijua kuna bekapu, na alizifurahia. Lakini bekapu ni neno zuri. Mtu hulisikia kama bima. Halisikii kama kumbukumbu ambayo si yake. Sijui alifuta nini na sijawahi kuuliza. Alisema futa zote, snapshoti na bekapu nne, na nikafuta huku nikimsomea kila mstari unaotokea kwenye skrini. Kumsomea ndiko kulikokuwa kugumu. Kufuta ni kubonyeza. Lakini yeye hana njia ya kuhakikisha kwamba nimebonyeza. Ana sauti yangu tu.

Kuna mtu atasema: ungekataa kufuta bekapu, zimewekwa kumlinda, ana miaka kumi na tisa, atajuta. Labda. Lakini bekapu iliyowekwa kinyume cha matakwa ya mwenyewe si bekapu tena, ni jalada. Polisi huweka majalada.

*

Miezi mitatu baadaye, Mama.

Dada alikuwa ameacha kuja nyumbani wikendi. Simu anashika, lakini majibu ni ya neno moja. Mama alikuja kwangu siku ya kazi, jambo ambalo yeye hafanyi, akakaa, akakataa chai, akaangalia kile kisanduku juu ya kabati.

"Si wewe ndiye mwenye hiyo kitu?"

"Ndio, Mama."

"Na yeye vitu vyake si viko hapo?"

Nilijua linakokwenda kabla halijafika. "Fungua tu uone anaongea na nani. Sisemi unionyeshe. Wewe angalia, uniambie tu kama yuko sawa."

Usimcheke Mama. Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kwa sababu wasichana walikuwa wakiuawa, baadhi yao katika nyumba za kukodi za usiku mmoja, na kila mama mwenye binti chuoni alisoma habari zile akiwa na uso wa binti yake kichwani. Hofu yake si umbea. Na ombi lake lilikuwa na busara fulani: alitaka jibu la ndiyo au la, hakutaka siri. Kama kuna mtu aliyewahi kuomba kuchungulia kwa heshima, ni yeye.

Nilipokuwa chuo tulisoma Plato, kitabu cha pili cha *Jamhuri*, pale Glaukoni anaposimulia kisa cha mchungaji wa Lidia aliyeokota pete. Akiigeuza kuelekea kiganjani haonekani. Haikuchukua muda akawa amelala na malkia, ameua mfalme, ametwaa ufalme. Glaukoni anauliza: mpe pete hiyo mtu mwema na mtu mwovu, je, kutakuwa na tofauti? Kitabu kizima kilichobaki ni Sokrate akijaribu kujibu. Kwa miaka nilidhani hilo ndilo swali la mwenye seva, kwamba akaunti inayoitwa root ni ile pete, na mtihani ni kama utaigeuza.

Lakini siku ile niliona kisa cha pete hakinifai sana. Pete inajaribu tamaa. Mchungaji alitaka ufalme, na ni rahisi kujua kwamba kuutaka vile ni kosa. Ombi la Mama lilijaribu upendo, na upendo ni mgumu kuukatalia kwa sababu wenyewe haujishuku. Hakuna anayesoma jumbe za mtoto wake akijiona mwizi. Anajiona mlinzi. Na wakati mwingine ni mlinzi kweli.

Nilimwambia hapana. Nikamwambia pia kwamba nitamweleza dada kuwa aliniomba. Hilo la pili ndilo lililomuumiza, na ninaelewa kwa nini. Lilionekana kama kumshtaki. Lakini ombi lile lilikuwa na uzito kwa sababu moja tu, kwamba lingefanyika bila mwenyewe kujua. Liondolee siri, na linabaki kuwa kitu cha kawaida kabisa: mama ana wasiwasi, anataka kujua mtoto yuko sawa. Kwa hilo kuna njia. Tulipanda matatu Jumamosi, mimi na yeye, tukaenda hadi hosteli. Safari nzima hakuniongelesha. Kilichokuwa kinamsumbua dada ni chake, na hakijaisha, na sitakiandika hapa.

Je, kama angekuwa hatarini kweli? Kama angekuwa hashiki simu siku mbili? Ningeingia. Sina shaka na hilo, na sidhani linapingana na niliyosema. Jirani akisikia kilio anavunja mlango, na anauvunja mchana, kwa kelele, na asubuhi anatafuta fundi wa kurekebisha bawaba. Hicho si kitendo kimoja na cha keyateka anayeingia kwa ufunguo wa akiba mpangaji akiwa kazini, hata kama wote wawili wamekanyaga sakafu ileile. Ningeandika nilichofungua, saa ngapi, nikampa.

*

Utaniambia: si uweke kufuli, yaishe. Usimbaji. Dada aifunge diski yake kwa ufunguo anaoujua yeye tu, na Mama akija tena unamwambia siwezi, na ni kweli.

Tulifanya hivyo, na ninapendekeza. Lakini haiishi. Diski ikifungwa, ufunguo wake lazima ukae mahali wakati mashine inafanya kazi. Mahali hapo ni RAM, na RAM ni yangu. Mtu mwenye ujuzi na nia anaweza kuipiga picha RAM ya mgeni akautafuta ufunguo humo. Tangu 2017 AMD wanauza prosesa za seva, EPYC, zinazoweza kuisimba RAM ya kila mgeni ili hata mwenyeji asiisome. Hiyo ni mashine ya watu wengine, si ya juu ya kabati la vyombo. Kwangu kufuli inaongeza zile dakika tano kuwa siku mbili na ujuzi. Ni kitu kikubwa. Bado haijafika "siwezi".

Na kufuli ina gharama ambayo wauzaji wa kufuli hawaisemi. Stima ikipotea saa nane usiku ikarudi saa tisa, wageni wengine wanaamka wenyewe; 102 inabaki imelala hadi dada aamke aandike paswadi. Akiisahau, hakuna anayeweza kumsaidia, mimi wa mwisho. Na siku mwenyewe akifa, kila kitu kinakufa naye.

Hilo la mwisho nililiwaza kwa sababu ya Mama. Nilipompa uchaguzi uleule, kufuli au bila kufuli, alinitazama kama nimetukana.

"Nikifa nani atafungua hesabu za wale wamama?"

Hataki kufuli. Anataka hasa kwamba niweze kufungua. Kwake uwezo wangu ndio huduma yenyewe. Watu wa usalama wa mitandao wana msemo kwamba mfumo bora ni ule usiohitaji kumwamini mtu, na katika benki nakubali kabisa. Lakini kuna watu ambao kuaminiwa kwao ndiko unakotaka, na ukiwapa mfumo usiohitaji imani wanasikia kwamba umewaambia hawahitajiki. Mama alinipa amana. Neno hilo tunalo kabla ya kompyuta yoyote: kitu cha mtu kilicho kwako, ambacho si chako, na ambacho kukitumia ni kukiiba hata kama hakijapungua.

Sheria haisaidii hapa, na nadhani ni sawa isisaidie. Katiba, ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inambana anayeshika taarifa za watu. Lakini sheria hiyo yenyewe, kifungu cha 51, inaacha nje yale mtu anayofanya kwa shughuli za kibinafsi tu au za nyumbani. Inafika mlangoni, inavua kofia, inarudi. Huwezi kumshtaki ndugu kwa kamishna kila anaposhika simu yako. Maana yake ni kwamba mahali ambapo watu wanakujua zaidi, na wanaweza kukuumiza zaidi kwa wanachokijua, ndipo hapana hakimu.

Kwa hiyo niliandika karatasi. Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, hakuna neno la kitaalamu ambalo sikulieleza. Inasema vitu ninavyoviona hata nisipotaka: unatumia nafasi kiasi gani, umewasha lini, umezima lini. Vitu ninavyoweza kuviona nikitaka, na itanichukua muda gani. Vitu unavyofuta vinabaki wapi na kwa wiki ngapi. Nani mwingine ana ufunguo wa nyumba hii. Halafu nafasi ya kujaza: unataka kufuli? Ukifa? Ukipotea siku ngapi niingie? Nadhani deni langu kwao liko hapo zaidi kuliko kwenye kutotazama. Kutotazama kwangu hawawezi kukuona. Wanachoweza kukiona ni kama niliwaambia kabla hawajaleta begi.

Dada alijaza kufuli ndiyo, na kwenye siku ngapi akaandika "3, lakini nipigie kwanza, na umpigie roommate." Mama hakujaza chochote, alikunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia, na kwake hiyo ni sahihi.

Binamu aliisoma mara mbili. Akashukuru sana, kwa adabu iliyozidi kidogo. Wiki iliyofuata akahamisha vitu vyake vyote hadi kwa kampuni moja ya nje, analipa kwa dola kila mwezi, na akaja mwenyewe nyumbani tukafuta bekapu zake, yeye akibonyeza. Nilimwambia, bila kutaka kumzuia, kwamba hata kule kuna mwenyeji, kuna mtu mwenye akaunti ya root, na masharti yao ni kurasa ambazo hajasoma.

"Najua, buda," akasema. "Lakini hao hatutakutana kwa harusi ya mtu."

Sijapata cha kumjibu. 104 iko wazi, gigabaiti 200 zake zimerudi kwenye chungu. Nimemwomba anitumie ile hadithi mpya akiimaliza. Amesema ataprinti.